Ukuta wa Meno

Mikono. Tangu nianze kuendesha chama chetu cha kuchora kuta, kitu tulichokichora kuliko vyote ni mikono inayonawa. Mikono yenye povu, mikono chini ya bomba, mikono mikubwa ya mama imeshika mikono midogo ya mtoto, na chini yake herufi nyekundu zinazokuamuru unawe. Pita Gitega mjini uone. Hakuna mfadhili aliyewahi kunijia akasema, dada, chora ng'ombe mzuri tu, watu wakipita wamtazame, wapumue. Wapi! Ukuta ni lazima ufundishe. Ukuta ni lazima ukugombeze. Wenyewe wanaita sansibilizasyo, yaani kuelimisha umma, na mimi neno hilo nikilisikia kichwa kinaanza kugonga.

Chama chetu kina chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani, na mlio wa cherehani ndio muziki wa vikao vyetu. Kazi ni rahisi kuieleza. Tunatafuta ukuta, tunambembeleza mwenye ukuta, tunatafuta mchoraji na rangi, tunachora, halafu tunazindua. Mimi ndiye mtendaji, maana yake ndiye ninayetenda. Wengine ni kamati. Kamati inakuja kwenye kikao, inakunywa Fanta, inakula brosheti za nyama ya mbuzi, inapongezana kwa kazi nzuri, kisha inaondoka na kuniachia chupa nizirudishe.

Na kamati ina mwenyekiti. Aliwahi kuwa inspekta wa shule, akastaafu, lakini ukaguzi haukumtoka. Hajawahi kuchora hata mstari wa pambizo la daftari, ila umweke mbele ya picha yoyote atainamisha kichwa upande kama kuku aliyeona kokoto, atakaa hivyo mpaka mchoraji aanze kutetemeka, halafu atasema, "Bon. Kuna kitu kinakosekana." Kitu gani? Hajui. Hajawahi kujua. Debe tupu, na watu wote tunasimama likiingia.

Wenye kuta nao usiniambie. Kule Makebuko tulimchorea jamaa mmoja ukuta wa duka lake, mama anasuka kikapu, kazi ya kupendeza kweli, hata mimi mwenye roho ngumu nilisimama nikaitazama. Baadaye kidogo akatoboa dirisha katikati ya uso wa yule mama. Nilipomuuliza akaniambia ndani kulikuwa na giza. Gishubi walituomba ngoma, wakatusumbua na simu juu ya ngoma, tukawachorea ngoma. Sasa wanaegemeza kuni pale pale. Wananiambia zikiisha ngoma itaonekana, na mimi nimeshaacha kuuliza zitaisha lini.

Niseme na hili, maana naandika kwa Kiswahili na kuna watu wa kwetu watakaonuna. Burundi ukimwita mtu Mswahili humsifu. Umemwita mjanja, mwongo, mtu wa mjini asiye na shamba wala haya. Mimi nililelewa Tanzania, kambini, nikarudi mtu mzima na Kiswahili changu mdomoni, na mwenyekiti hajanisamehe mpaka leo. Nikimshinda kwa hoja kwenye kikao, anawageukia wenzake na kuwaambia, "Mwacheni, huyo ni Mswahili huyo." Wanacheka, wanachukua brosheti nyingine, na hoja yangu inakufa hapo.

Basi akaja mfadhili mpya. Huyu hakutaka mikono, nikashukuru Mungu mapema mno. Alitaka ukuta wa kuishi pamoja kwa amani, na aliutaka upande wa Muyinga, kwa sababu huko ndiko watu wengi waliorudi kutoka Tanzania wamekaa, wakikuta mashamba ya baba zao yanalimwa na wengine. Mwenyekiti alikubali kabla mtu hajamaliza kusema. Tukachagua soko la Gasorwe, ukuta wa pembeni wa ghala moja kubwa unaotazama njia panda. Mwenyekiti akatoa maelekezo akiwa amekaa Gitega: majirani wamezunguka mtungi mmoja wa pombe, kila mtu na mrija wake, wote wanacheka. "Wacheke," alisema. "Warundi ni watu wa furaha. Nataka meno."

Mchoraji tulimpata huko huko Muyinga. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mpole wa sauti lakini si mpole wa macho. Kambini alijifunza kwa kuchora vibao vya saluni na mabango ya kanisa. Alikuwa amerudi peke yake kudai shamba la baba yake kwenye kilima cha juu ya Gasorwe, na shauri hilo ndilo lililokuwa linamla. Alivushwa mpaka akiwa mgongoni mwa mama. Baba alimfia kambini akiwa bado mtoto mdogo, mama akafuata, ndugu wengine wakabaki Tanzania au ardhini. Aliporudi, shamba alilikuta. Migomba ilikuwepo, kisima kilikuwepo, na jirani mmoja mzee alikuwa analima kila kitu mpaka mlangoni pa nyumba isiyokuwepo tena.

Shauri lilipelekwa kwa bashingantahe, wazee wa kilima wanaoamua kesi za watu kabla hazijafika mahakamani. Wakamwita yule jirani, wakamtajia jina la baba wa mchoraji. Mzee akavuta kofia yake ya sufi, akasema mtu huyo hamjui. Hakumjua jana, hamjui leo. Labda huyu mama amekosea kilima, vilima vinafanana. Bashingantahe wakamwambia mchoraji: leta mtu mmoja wa hapa, asiye wa damu yako, aseme anamjua baba yako na anajua wewe ni wake. Asipopatikana, shamba linabaki kwa anayelilima. Wakampa mpaka baada ya mavuno ya maharage.

Alizunguka kilima kizima. Waliomkumbuka baba yake walikuwa wamekufa, au walikuwa wakimbizi wenyewe, au walikuwa wanamwogopa mzee wa kofia. Walimkaribisha, wakampa kiti, wakamwambia pole sana, maskini, na hawakukumbuka kitu. Mimi watu wa namna hiyo nawadharau kuliko mwizi. Mwizi angalau anakimbia.

Kwa hiyo mchana anachora majirani wanaocheka, jioni anapanda kilima kubembeleza majirani wasiokumbuka. Nilimwambia aache, tutatafuta mchoraji mwingine, achore mwingine huo uongo. Alinitazama kama vile nimemtukana. "Dada," aliniambia, "mimi nachora watu. Wao kama ni waongo ni shauri lao."

Karibu na ule ukuta alikuwa anauza vitenge mama mmoja Mkongo, wa Kivu Kusini, mtu mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabara kuu. Yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi wetu wa kweli. Kila asubuhi alikuwa anapanga vitenge vyake, anarudi nyuma, anatazama ukuta na mikono kiunoni.

"Maman," alimwambia mchoraji siku moja, "mi naona iko muzuri. Lakini meno iko mingi. Bantu bote banacheka hivi, banacheka nini? Pombe haiyakwisha hata nusu!"

Ilikuwa kweli. Mwenyekiti alikuwa anataka nimtumie picha kwa simu kila siku, na kila siku anajibu: huyu wa kushoto hacheki vya kutosha. Mchoraji akaongeza. Yule wa mwisho naye anaonekana ana mawazo. Akaongeza. Mpaka ukuta mzima ukawa ufizi. Watu wa soko wakaubatiza Ukuta wa Meno, wakawa wanaelekezana nao: nenda mpaka kwenye meno, halafu kata kulia.

Siku moja kabla ya uzinduzi mchoraji alinijia akifuta mikono kwa kitambaa.

"Nataka kuweka jina langu pale chini."

"Weka."

"Mwenyekiti alisema hakuna jina."

Ni kweli, alikuwa amesema. Chini ya kuta zetu zinakaa nembo tu: ya mfadhili, ya serikali ya komini, ya chama, zimejipanga kama nguo kwenye kamba. Mchoraji haandikwi. Mwenyekiti ana msemo wake kwamba msanii wa kweli hajitangazi, na msemo huo anausema akiwa amesimama mbele ya bango lenye picha yake mwenyewe.

"Mwenyekiti yuko Gitega," nilimwambia. "Weka."

"Si la ubatizo," akasema. "La ubatizo tukiitwa hapa sokoni tunageuka watu kumi. Nataka lile alilonipa baba."

Akanitajia. Nilianza kucheka, halafu nikautazama ukuta.

Hapa inabidi nieleze, kwa asiyekulia kwetu. Mrundi akizaliwa hapewi jina la baba wala la ukoo. Anapewa lake peke yake, na mara nyingi jina hilo ni sentensi nzima. Wengine wanapewa sentensi ya kumshukuru Mungu. Lakini kama baba alikuwa na ugomvi siku hizo, Mungu anasubiri. Mtoto anapewa sentensi ya kumfikia jirani. Kuna watu wazima wenye heshima zao, wauguzi, madereva, mapadri, ambao majina yao yanasema: wananionea bure, au, na wewe utakufa, au, nani alikuita hapa. Baba hahitaji kwenda kugombana na mtu. Anasimama uani kwake na kumwita mwanawe aje kula, na ujumbe umefika. Hata mbwa wanapewa majina hayo, na yule jirani naye akizaliwa mtoto, au akipata mbwa, anajibu. Nimeona ugomvi wa vilima viwili ulioendeshwa hivyo bila mtu kumtazama mwenzake usoni. Tunajiita watu wapole kwa sababu hiyo.

Jina la mchoraji sitalitaja, lake ni lake. Ila maana yake ni hii: Wananichekea Usoni.

Sasa weka jina hilo chini ya ule ukuta. Weka herufi kubwa, za yule yule mtu aliyejifunza kwa vibao vya saluni, herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Juu yake majirani wamezunguka mtungi na meno yao yote nje. Nilikiona kilichokuwa kinakuja? Nilikiona, tena vizuri, na roho yangu ikatulia kama niliyekunywa maji baridi. Nilimwuliza tu kama ana hakika.

"Wamesema hawanijui," alijibu. "Basi wanisome."

Aliandika alfajiri ya siku ya uzinduzi, kisha yule mama Mkongo akatuazima vitenge vyake, tukaufunika ukuta.

Uzinduzi wa kwetu ni ibada. Kuna turubai, kuna viti vya plastiki, kuna spika inayopiga mluzi, na kila anayeshika kipaza sauti anaanza kwa kusema protokole imezingatiwa, halafu anaizingatia upya, mtu mmoja mmoja. Mfadhili alileta wageni wawili wenye kofia za jua. Mwenyekiti alifika kutoka Gitega akilalamika mafuta hayapatikani, kana kwamba sisi wengine tulikuja kwa mabawa. Mstari wa mbele aliwapanga bashingantahe, kwa sababu wangetoka vizuri kwenye picha. Na kwenye kona ya mstari huo huo, sikuamini macho yangu, alimkalisha yule mzee wa kofia ya sufi. Hakuwa mushingantahe. Lakini alikuwa na fimbo, na kwa mwenyekiti mzee mwenye fimbo anatosha.

Mwenyekiti alihutubia. Alisema ukuta huu ni kioo cha jamii yetu. Alisema majirani wa Gasorwe ni mfano kwa nchi. Alisema chama chake, chake yeye, kimefanya kazi usiku na mchana. Mchoraji alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na ndoo zake, na hakutajwa. Mzee wa kofia alikuwa ameshasinzia, kidevu juu ya fimbo. Kisha mwenyekiti akashika kitenge, akavuta.

Watu walipiga makofi. Halafu makofi yakapungua kidogo kidogo, maana macho yalikuwa yameteremka kutoka kwenye meno hadi kwenye herufi. Muuza nyama mmoja akaanza kusoma kwa sauti, kipande kwa kipande, wanavyosoma watu walioacha shule mapema. Alipofika mwisho akatazama juu, akatazama wale majirani wanaocheka, akatazama tena chini.

"Yuu! Ati wananichekea usoni!"

Soko zima lililipuka. Watu waliinama wakashika magoti. Wanawake wa viazi walikuwa wanalirudia lile jina wakipigana mabega, watoto wakalidaka wakaanza kuliimba, na kila lilipoimbwa wale watu wa ukutani walizidi kuonekana wanafiki. Wageni wenye kofia wakamwuliza mwenyekiti kuna nini. "Wamefurahi sana," mwenyekiti akawaambia, jasho likimtoka kwenye masikio. Akanijia mbio.

"Hii ni nini? Hii ni nini, we Mswahili?"

"Ni jina la mchoraji, mwenyekiti."

"Hilo si jina, hilo ni tusi! Futa! Lete maji, lete kitambaa, mi nasema futa sasa hivi!"

"Rangi ya mafuta haifutwi kwa maji, mwenyekiti. Wewe ni mkaguzi, ungejua."

Sijui angenijibu nini, kwa sababu hapo ndipo yule mzee wa kofia ya sufi alipoamka. Hakuwa anajua kusoma, na hata hakuwa anatazama ukuta. Ni sikio lake lililomwamsha. Lile jina lilikuwa linaimbwa na watoto pale mbele ya miguu yake, na yeye alisimama wima kama aliyemwagiwa maji ya moto, fimbo juu.

"Nani amelisema hilo? Nani amelisema?"

Alisema kwa Kirundi, nami natafsiri kama nilivyosikia. Mwenyekiti akamkimbilia, mikono mbele. "Mzee, tulia, ni problème technique, hakuna aliyekutukana."

"Mimi ndiye niliyetukanwa! Jina hilo ni langu mimi!" Mate yalikuwa yanamruka. "Mnalicheka nyie, mnajua lilitoka wapi? Tuligombana kwa mstari wa migomba. Mstari mmoja! Mtoto wake akazaliwa wiki ile, wa kike, nikaenda na pombe kumpongeza kama jirani, nikacheka naye. Kumbe! Akampa mtoto jina hilo. Kwa ajili yangu! Mimi nimekaa nyumbani kwangu, nakula, namsikia anamwita. Mtoto yuko miguuni pake, lakini yeye anamwita kwa sauti ya kuvuka bonde! Kila jioni! Hata mke wangu akawa anacheka kichinichini. Nikasema sawa, nikanunua mbwa, na mimi nikampa mbwa jina."

"Gani, mzee?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Mzee akalitaja. Siliandiki, kuna watoto. Soko lilicheka mpaka spika ikaanguka, na yeye akasimama pale akihema, anaona kwamba sasa angalau watu wamemwelewa.

Mama wa vitenge hakucheka. Alikuwa ameweka mikono kiunoni, kichwa amekiinamisha, anafikiri.

"Papa," akasema, "pole sana. Mi niko mugeni hapa, mambo ya kilima sijue. Lakini si we ulisema kwa kesi kama baba ya huyu maman haumujue?"

Kicheko kilikatika. Hata kuku wa kuuzwa walisikika. Mzee akaishusha fimbo. Akawatazama bashingantahe, na bashingantahe walikuwa wanamtazama yeye, wote, kwenye viti vyao vya plastiki ambavyo mwenyekiti aliwapangia kwa ajili ya picha. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mmoja wao, mkubwa wao, alijikohoza, akasimama taratibu, akasema neno moja tu kwa Kirundi, lenye maana kwamba tumesikia. Akakaa. Kwa wasiojua, kesi iliisha hapo, na hakuna mtu wa kilima kile ambaye angeweza kuifungua tena.

Mwenyekiti aliniuliza kwa mnong'ono kama petroli itaweza kufuta. Nilimwambia petroli hakuna, si alikuja akilalamika mwenyewe.

Nilimtafuta mchoraji kwa macho, nikidhani nitamkuta anaruka kwa furaha, na ningeruka naye, maana nilikuwa na hasira iliyogeuka raha na sijui niiweke wapi. Hakuwa anaruka. Alikuwa anakuja katikati ya watu, polepole, na watu wanampisha. Alisimama mbele ya yule mzee, karibu sana, mikono yake imejaa rangi, na machozi yanamshuka bila kuyafuta. Nilidhani atamtemea mate. Mimi ningemtemea.

"Mzee," akasema, "alikuwa ananiitaje?"

Mzee alimtazama kwa chuki. Nadhani aliona anatafutiwa dhihaka nyingine. Lakini lilikuwa limemkaa kooni miaka yote hiyo, na mwenye kovu usidhani amepoa. Akageuza uso kwenye kilima. Akaweka kiganja pembeni mwa mdomo, akavuta pumzi, akaita lile jina, lote, akilirefusha mwishoni mpaka likapanda juu ya paa za mabati. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya mwanamume kijana, mwenye nguvu, mwenye maudhi, aliyefurahi kweli kweli kwamba ana mtoto.

Mchoraji alishtuka mwili mzima. Hakuitika kwa Kirundi. Aliitika kama sisi watoto wa kambini tulivyofundishwa kuitika tukiitwa na mzazi.

"Abee, baba."